Kicheza Muziki cha Garini: Mahali Kinapowekwa ni Suala la Afya

Magari mengi yanayopita katika barabara za Dar es Salaam, Mombasa na Kampala yaliuzwa kwa mara ya kwanza Japani. Yanapofika huku, injini hukubali mafuta ya huku na matairi huyazoea mashimo ya huku, lakini redio hugoma. Masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76, na kwa miaka mingi yaliishia 90 kabla ya kusogezwa hadi 95, ilhali vituo vya Afrika Mashariki hutangaza kati ya 87.5 na 108. Mwenye gari hubonyeza kitufe cha kutafuta kituo, namba huzunguka na kurudi zilikoanzia, na sehemu kubwa ya vituo anavyovijua haipatikani. Ndiyo maana gari likishapata bima na namba za usajili, safari yake inayofuata aghalabu huwa ya kwenda kwa fundi redio.

Hapo ndipo kicheza muziki cha mkononi kinapoingizwa garini. Zamani kilikuwa Walkman iliyounganishwa kwa kaseti bandia yenye waya. Baadaye ikawa iPod na vifaa vingine vya MP3. Leo kwa wengi ni simu. Fundi ana njia kadhaa za kukiunganisha. Anaweza kuchomeka kirushio kidogo cha FM katika soketi ya kuwashia sigara, akitafuta nafasi finyu kati ya megahezi 87.5 na 90 ambayo redio ya Japani na kirushio vyote vinaifikia. Anaweza kuivua redio na kupachika nyingine yenye tundu la flashi na la waya wa simu. Anaweza pia kutoboa dashibodi, kupitisha waya chini ya zulia, kuongeza kikuza sauti na kupanga spika kubwa nyuma ya kiti cha abiria. Kazi huisha kabla ya jua kutua, na mteja kwa kawaida huuliza mambo mawili tu: bei, na kama besi itasikika.

Swali la tatu haliulizwi, nalo ni zito kuliko hayo mawili. Macho ya dereva yatakuwa wapi anapotaka kubadilisha wimbo? Fundi anapochagua sehemu ya kupachika kifaa, unene wa waya atakaoutumia na mahali pa kufunga spika, anafanya uamuzi unaohusu fuvu, ngozi na masikio ya watu asiowajua. Ni uamuzi wa afya unaofanyika gereji, na wataalamu wa afya hawajawahi kuuchukulia hivyo. Wao humpokea majeruhi mwisho wa safari. Fundi redio aliigusa safari ile mwanzo.

Tuanze na macho. Mwaka 2006 ulitolewa nchini Marekani utafiti maarufu wa magari 100, ambamo kamera ziliwekwa ndani ya magari ya madereva wa kawaida na kuwafuatilia kwa takriban mwaka mzima. Miongoni mwa yaliyobainika ni kwamba dereva anayeyaondoa macho barabarani kwa zaidi ya sekunde mbili huongeza karibu maradufu uwezekano wa kugonga au kunusurika kugonga. Sekunde mbili hazionekani kuwa kitu. Lakini gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi nchini Tanzania, hupita karibu mita 28 katika muda huo. Kwa mwendo wa kilomita 80 hupita mita 44. Katika umbali huo kuna nafasi ya kutosha kwa kivuko cha watembea kwa miguu, mtoto mwenye begi la shule na muuza maji anayekimbilia basi.

Utafiti mwingine, uliofanyika Calgary nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2008, uliwaweka madereva vijana katika kielelezo cha kuendeshea na kuwapa iPod. Kubonyeza kitufe kimoja hakukuleta shida kubwa. Kutafuta wimbo fulani katika orodha ndefu kulichelewesha mno mwitikio wao kwa hatari iliyojitokeza mbele na kuongeza migongano. Vijana hao walirudia zoezi hilo kwa vipindi kadhaa. Walipata nafuu, lakini hawakufikia kiwango cha yule asiyeshika kifaa chochote. Jambo hili lifaa litiliwe mkazo, kwa sababu hoja ya kila dereva mzoefu ni kwamba yeye amekwisha kuzoea. Mazoea hupunguza tatizo bila kuliondoa.

Kuna pia suala la umri, ambalo halizungumzwi kabisa. Lenzi ya jicho la binadamu hupoteza ulaini wake kadiri miaka inavyosonga, na kufikia umri wa kama miaka 45 watu wengi hawawezi kusoma maandishi madogo ya karibu bila miwani. Dereva wa umri huo huiona barabara vizuri, hivyo haoni sababu ya kuvaa miwani ya kusomea akiwa kwenye usukani, na akiivaa barabara itamwia ukungu. Anapotazama kioo cha simu kilichopachikwa karibu na mkono wake, jicho linahangaika kukusanya herufi. Kijana aliyeunda programu ya muziki na fundi kijana aliyefunga kishikio wote wanasoma jina la wimbo mara moja. Mwenye gari anahitaji kulitazama mara tatu. Huo ni muda uleule wa barabara unaoliwa, na hakuna mazoezi yatakayolirudisha jicho ujanani.

Wahandisi waliutambua mtego huu mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1956 kampuni ya Chrysler ilianza kuuza magari yenye kicheza santuri chini ya dashibodi. Santuri zake zilizunguka polepole mno, mizunguko isiyofika 17 kwa dakika, hivyo upande mmoja uliweza kuchukua takriban dakika 45 za muziki, na dereva hakulazimika kubadilisha mara kwa mara. Kifaa hicho hakikudumu sokoni. Mwaka 2004 kampuni ya BMW ilipotoa mpango wa kuunganisha iPod na magari yake, iPod yenyewe ilifichwa katika kisanduku cha mbele ya abiria, na dereva akatumia vitufe vilivyopo kwenye usukani. Kifaa kilikuwemo garini, na mkono haukuwa na sababu ya kukifuata.

Fundi wa Kariakoo anaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo. Waya wa simu huweza kupitishwa nyuma ya dashibodi ukatokea ndani ya kisanduku. Orodha ya nyimbo ikapangwa gari likiwa limesimama. Vitufe vya usukani, ambavyo magari kadhaa ya Japani tayari yanavyo, vikaunganishwa na redio mpya badala ya kuachwa vikining'inia bila kazi kama ilivyo desturi. Hili la vitufe linastahili lawama kidogo. Mteja anauziwa redio mpya yenye kioo kikubwa cha kugusa, na vitufe alivyokuwa akivipapasa kwa kidole bila kutazama vinakufa siku hiyohiyo. Kioo cha kugusa hakina umbo. Kidole hakijui kilipo mpaka jicho likielekeze. Inaitwa maendeleo, na bei yake iko juu.

Mahali pa kishikio pana hatari nyingine. Upande wa abiria, ndani ya dashibodi ya magari mengi, umelazwa mfuko wa hewa wa usalama, ule ambao mafundi huuita eabegi. Gari likigonga, mfuko huo hujaa kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho, na kifuniko chake hupasuka kwa nguvu kubwa. Simu iliyopachikwa juu ya kifuniko hicho hugeuka kombora linaloelekezwa usoni. Alama ya SRS imechapwa hapo wazi, lakini mara nyingi hufunikwa na gundi ya kishikio, au na kitambaa cha manyoya kinachowekwa kwa urembo.

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini muziki usipigwe marufuku tu. Ni pendekezo linalosikika kila baada ya ajali kubwa, na halina mashiko. Kusikiliza muziki kwa sauti ya wastani bila kugusa kifaa si chanzo kikuu cha ajali, na dereva wa lori anayetoka bandarini kuelekea Tunduma ana haki ya kuwa na sauti ya kumsindikiza. Kinachofaa kupingwa ni imani kwamba muziki wa juu huondoa usingizi. Watafiti wa Uingereza walilipima jambo hilo mwaka 1998 kwa madereva wenye usingizi waliofunguliwa redio au kupulizwa hewa baridi: nafuu ilikuwa ndogo na ya muda mfupi, ikitosha tu kumfikisha dereva mahali salama pa kusimama. Watafiti haohao walikuwa wameonyesha kwamba kikombe cha kahawa pamoja na usingizi wa muda usiozidi robo saa husaidia zaidi. Dereva anayepandisha sauti kila akisinzia anajificha dalili, kama mgonjwa anayemeza dawa ya kutuliza maumivu ili asiende hospitali.

Masikio nayo yana hesabu yake, na hesabu hiyo haisamehe. Ndani ya sikio, katika mrija uliojisokota kama konokono, zimo chembechembe zenye vinywele zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara ya neva. Mtu huzaliwa nazo takriban 15,000 katika kila sikio. Zikifa hazioti tena. Kwa watu wazima wanaofanya kazi penye kelele, kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda salama hupungua nusu. Kwa hiyo desibeli 91 zina saa mbili, na desibeli 100 zina dakika 15. Saa mbili ndizo ambazo mkazi wa Mbagala anaweza kuzimaliza katika foleni ya kwenda na kurudi mjini. Konda wa daladala, anayesimama karibu na spika tangu alfajiri mpaka usiku, hana hata haja ya kupigiwa hesabu.

Kwa usikilizaji wa starehe Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kikali zaidi: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa saa hizohizo kwa mtoto. Kipimo cha mtoto ndicho kinachopaswa kuwakosesha wazazi usingizi. Chukua gari dogo la shule, lile lenye jina la shule mlangoni na spika mbili kubwa zilizofungwa nyuma na dereva kwa fedha zake mwenyewe. Mtoto anayeishi mbali hukaa humo saa moja asubuhi na saa moja alasiri, siku tano. Hizo ni saa kumi. Kwa kanuni ya desibeli tatu, muziki wenye nguvu ya desibeli 81 tu unatosha kummalizia mtoto huyo posho yake ya wiki nzima, kabla hajafika nyumbani kuwasha televisheni na kabla ya harusi ya Jumamosi. Desibeli 81 si sauti ya disko. Ni sauti inayomlazimu mtu kupaza yake kidogo ili asikike na aliye jirani.

Gari lisilo na kiyoyozi huongeza tatizo. Joto la Pwani hulazimisha madirisha yafunguliwe. Upepo, injini na honi huingia. Na msikilizaji, bila kujua, hupandisha muziki mpaka ushinde kelele zile. Sikio halitofautishi kelele na burudani. Linapokea jumla yake. Anayefunga mfumo wa muziki katika gari la namna hiyo angemsaidia mteja zaidi kwa kuziba mianya ya milango na kuweka spika ndogo mbele, karibu na wasikilizaji, kuliko kumwongezea sabufa. Spika zinazopangwa juu ya ubao wa nyuma ya kiti huwa sentimita chache kutoka vichwa vya watoto, ilhali dereva anayeshika kitufe cha sauti ndiye aliye mbali nazo kuliko wote. Anaongeza ili naye asikie vizuri.

Dalili za mwanzo ni za hila. Hausikii uziwi, unasikia mlio mwembamba masikioni baada ya kushuka, kama wa nyenje, nao hutoweka asubuhi. Baadaye hautoweki. Kisha hupotea sauti za juu, na katika mazungumzo herufi kama s, f na th hufifia. Mtoto darasani huanza kuambiwa kwamba hasikilizi, na anaweza kuchapwa kwa hilo.

Kuhusu umeme maneno machache yanatosha, kwa kuwa mafundi wazuri wanayajua. Betri ya gari ina volti 12 tu, na volti hizo hazimrushi mtu. Ndiyo maana hudharauliwa. Lakini kikuza sauti cha wati 300 huvuta ampea 25 au zaidi, na waya mwembamba uliokusudiwa kwa taa ndogo huchemka kwa mzigo huo mpaka ngozi yake ya plastiki iyeyuke, chini ya zulia, karibu na bomba la mafuta. Fyuzi ipo ili kuulinda waya, si kukilinda kifaa, na ndiyo sababu ya kuifunga karibu kabisa na betri: sehemu yoyote ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi. Fyuzi iliyokatika ikibadilishwa kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara inayong'aa, gari zima limevuliwa ulinzi huo. Daktari anayehudumia wagonjwa wa moto anajua ngozi iliyoungua huchukua miezi mingapi kupona, na jinsi kovu linavyovuta kiungo. Bei ya fyuzi haifiki ya soda.

Sheria haitoi msaada wa kutosha. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ilitungwa mwaka 1973, miaka sita kabla ya Walkman ya kwanza kuuzwa, na hata marekebisho yake hayakuweza kukimbizana na kila kifaa kilichofuata. Kanuni za kelele za mwaka 2015 zipo chini ya sheria ya mazingira, na anayezikumbuka zaidi ni jirani wa baa. Trafiki anayesimamisha gari hukagua leseni, bima, matairi na kizima moto. Haingizi kichwa kutazama waya umepita wapi, wala hana muda. Kutunga kifungu kingine ni kazi nzuri ya wabunge, ila itachukua miaka, na magari yanafungwa redio leo.

Mtu wa kumwendea ni fundi. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA hufundisha umeme wa magari, na vyuo vikuu vya afya vina wataalamu wa macho, masikio, majeraha na afya ya kazi. Umbali kati ya taasisi hizo mbili ni nauli ya daladala. Somo la siku mbili lingetosha kuingia katika mtaala uliopo: mahali pa kishikio, mahali pa spika, ukubwa wa waya na fyuzi, na namna ya kupima sauti. Wanafunzi wa udaktari wanaopelekwa katika jamii wangeweza kufika pia Gerezani na mitaa ya vipuri, wakae na mafundi wasiopita chuo chochote, ambao ndio wengi, wajifunze kwao kwanza ni nini mteja hukataa na kwa sababu gani. Fundi anayeogopa kumpoteza mteja hatakataa kufunga sabufa. Ila anaweza kumwambia, mteja akamsikia kuliko anavyomsikia daktari, kwamba mtoto wake ataketi hapo.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Simu nyingi leo huweza kuwekwa programu ya kupima desibeli. Si sahihi kama kifaa cha mtaalamu, lakini inatosha kutofautisha 75 na 90. Kazi ikiisha, gari likiwa bado gereji na injini inaunguruma, fundi aiweke simu hiyo kwenye kiti cha nyuma, kwenye kimo cha kichwa cha mtoto wa miaka sita, apandishe sauti mpaka mteja aseme hiyo ndiyo anayoitaka, kisha amwite aje asome namba kabla hajalipa.